Mshipa wa ubongo wa mjomba umebana. Tulishapata mteja wa mikorosho ili akazibuliwe nje, daktari akasema msiuze

#1 Mpwa wa Tandahimba

Wakuu, habari za asubuhi. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite, akirudi atanikuta.

Mjomba wangu ana miaka 61. Sisi huku kusini mjomba siyo mtu wa kusalimiwa sikukuu ukamsahau mpaka sikukuu nyingine. Huyu ndiye aliyenisomesha, na mikorosho ninayoitaja ni ya ukoo wa mama, yeye ni msimamizi tu. Kwa hiyo lililompata limetupata wote.

Mwezi wa tano, asubuhi, tumekaa barazani kabla ya kwenda kupulizia salfa. Mkewe kaleta uji. Mjomba kashika kikombe kwa mkono wa kulia, mara kikombe kikaanza kuinama. Hakikuanguka. Kiliinama polepole, uji wa moto ukamwagikia goti, na yeye analitazama lile goti kama la mtu mwingine. Nikamuuliza, "Njomba, vipi?" Akajibu kitu, lakini maneno yalitoka kama mtu aliyejaza ming'oko, vile viazi pori vyetu, mdomoni, na mdomo wenyewe umekwenda upande. Tukamlaza. Dakika kama ishirini hivi, akakaa mwenyewe, akaomba uji mwingine, akatucheka tulivyohamaki. Akapanda baiskeli, huyo shamba.

Jirani mmoja mtu mzima akasema huo ni upepo, umempitia na umeshapita. Nasi tukaridhika, maana ndicho tulichotaka kusikia.

Wiki mbili baadaye mkono ukafa ganzi, dakika kumi, ukarudi. Safari hii tukaenda zahanati moja, presha ikasoma 198 kwa 112. Akapewa vidonge vya siku 14. Hakuna aliyemwambia vikiisha arudi, na wala sisi hatukuuliza. Vikaisha, akajiona mzima, hadithi ikaishia hapo.

Mwezi wa saba hakuinuka kitandani. Mkono na mguu wa kulia umelegea, kauli hakuna. Mpaka tumepata gari, tumechanga mafuta, tumefika mjini Mtwara, saa tisa alasiri. CT skani, ile picha ya ndani ya kichwa, haikuonyesha damu iliyovuja, ilionyesha eneo dogo upande wa kushoto lililokosa damu. Akalazwa, akapata nafuu ya kusimama, tukampeleka Dar kwa kipimo cha mishipa yenyewe. Jibu: mshipa mkubwa wa katikati wa ubongo, upande wa kushoto, umebana asilimia kama 70.

Hilo neno "umebana" ndilo lililotuwasha. Kikao cha ukoo kikakaa. Kila mtu fundi bomba: kilichoziba kizibuliwe! Binamu aliyeko Dar akasema India wanapitisha kiwavu cha chuma kwenye mshipa, unatanuka, siku ya tatu mgonjwa anatembea sokoni. Tukakubaliana mikorosho iuzwe. Mteja akaja, mtu wa kangomba, wale wanaonunua korosho kwa magendo, na bei ya mtu anayejua una mgonjwa ndani mnaijua wenyewe.

Siku moja kabla ya kuandikishana nikamrudisha mjomba kliniki, nikamwomba daktari barua ya kwenda nje. Akaweka kalamu mezani.

"Mnauza nini?"

Nikashangaa kajuaje. Nikasema mikorosho.

"Msiuze."

Nitaendelea, natoka kidogo, kuna mzigo wa korosho unapimwa hapa chama cha ushirika.

#2 Baharia wa Shangani

Natia nanga hapa. Mleta uzi usitukimbie kama wale wengine.

#3 Fundi Bomba Halisi

Mkuu, kwani daktari kuzuia tiba ndiyo ujanja siku hizi? Baba mkwe wangu alikuwa na mshipa umebana, akapasuliwa hapo shingoni, leo anacheza bao na watu mpaka usiku. Huyo daktari wako aliona mna sura ya maskini akawakatia tamaa.

#4 Mpwa wa Tandahimba

Nimerudi. Fundi, hata mimi nilifikiri hivyohivyo, tena nilimwambia usoni. Hakukasirika. Akachukua nyuma ya karatasi ya vipimo akatuchorea.

Akasema mshipa wa moyo umekaa kwenye msuli, mshipa wa shingoni umezungukwa na nyama. Huu wa ndani ya fuvu unaelea kwenye maji, kuta zake nyembamba, na njiani umetoa vijimshipa vidogo kama nywele vinavyolisha sehemu za ndani kabisa. Ukipitisha chuma ukakandamiza ule utando wa mafuta ukutani unaobana njia, unaweza kuusukumia kwenye midomo ya vile vijimshipa ukaiziba, au ukapasua ukuta. Yaani unataka kumwepusha mtu na kiharusi, unampa kiharusi.

Wamarekani walilipima hili kwa watu 451 ambao mshipa ulikuwa umebana asilimia 70 na kuendelea, na wote siku za karibuni walikuwa wameshapata kiharusi, au kile cha kupita, kinachokuja na kuondoka chenyewe. Nusu wakawekewa kiwavu pamoja na dawa, nusu wakapewa dawa peke yake zikifuatiliwa kwa ukali. Mwaka 2011 ikabidi waache kuingiza wagonjwa wapya. Ndani ya siku 30, waliopata kiharusi au kufa upande wa kiwavu walikuwa asilimia 14.7. Upande wa dawa, 5.8.

Nikakaa kimya. Mjomba, ambaye kauli ilikuwa bado haijamnyookea, akasema neno moja: "Mi-ko-ro-sho." Daktari akacheka mpaka akavua miwani.

#5 Tabibu wa Zamu

Mleta uzi umeeleza vizuri, niongeze, maana ndiyo kazi yangu ya kila siku, ingawa sipo hospitali alikotibiwa mjomba.

Fundi Bomba, baba mkwe wako alifanyiwa mshipa wa shingoni. Huo unapasuliwa, utando unatolewa, unashonwa, na kwa mgonjwa aliyekwisha kupata dalili inasaidia kweli. Wa ndani ya fuvu ni habari nyingine. Waliwahi hata kujaribu kuunganisha mshipa wa nje ya fuvu na wa ndani ili damu ichepuke, majibu ya 1985 hayakuonyesha faida. Mwaka 2005 wakalinganisha warfarini na aspirini, dawa mbili za kuzuia damu kuganda: warfarini haikushinda, na ilivujisha damu zaidi. Ndiyo maana daktari mwenye kusoma hakimbilii chuma. Kiwavu, au puto la kutanua mshipa kwa ndani, huwa tunalizungumza kwa mtu anayemeza dawa zote sawasawa na bado viharusi vinamrudia. Na hadithi haijaisha: 2024 kuna utafiti wa China ambapo puto linalojazwa polepole, bila kutanua mshipa wote, likiongezwa kwenye dawa liliwapunguzia wagonjwa viharusi. Lakini hiyo ni mikono iliyozoea, na mgonjwa wa kuchaguliwa.

Sasa sababu. Nyinyi watu wa mikorosho mnalijua bomba la mgongoni la kupulizia dawa ya maji. Ukimaliza msimu bila kulisuuza, dawa inaganda ndani ya mpira. Ukuta unapoteza ulaini, njia inakuwa ndogo. Mshipa unafanyiwa hivyo na presha ya miaka mingi, sukari, lehemu, ambayo wengi mnaiita kolesteroli, na sigara. Tofauti ni kwamba mpira wa bomba utaukata na kununua mwingine.

Kuna njia tatu za mshipa uliobana kuleta kiharusi. Damu haitoshi kupita pale palipobana, hasa presha ikishuka ghafla. Au kwenye ule utando kunaganda damu, kipande kinakatika na kwenda kuziba mbele. Au utando wenyewe unafunika mdomo wa kijimshipa kilichochomoza hapo. Ubongo ni asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini unakula kama asilimia 20 ya oksijeni, hauna akiba. Kinachookoa wengi ni kwamba mishipa mikubwa chini ya ubongo imeungana kama duara, alilielezea daktari Mwingereza Thomas Willis mwaka 1664, na jina lake likabaki pale. Njia moja ikibana, nyingine inachangia. Ndiyo maana kuna watu wanatembea na mshipa umebana na hawajui.

Na sisi Waafrika, pamoja na watu wa Asia, tunabana zaidi ndani ya fuvu, wakati Wazungu wanabana zaidi shingoni. Kwa hiyo tusisome habari za Ulaya tukadhani ni zetu.

#6 Ng'onda Mkavu

Sigara sivuti, nipa, ile pombe ya mabibo, niliacha, sukari sina. Nakula ng'onda. Niko salama au niage kabisa?

#7 Nesi wa Mikindani

@Ng'onda Mkavu jina lako ndilo tatizo lako. Samaki aliyekaushwa kwa chumvi, mboga yenye chumvi, halafu mezani mtu anaongeza kijiko. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi ya siku nzima isifike gramu 5, hicho ni kijiko cha chai kimoja, humo humo na iliyoko kwenye ng'onda. Loweka usiku, mwaga maji, loweka tena, kisha mpike kwa nazi na ndimu bila kuongeza chumvi. Na pima presha. Umesema huna sukari, presha hukuitaja kabisa.

#8 Ng'onda Mkavu

Sijawahi kupima.

#9 Nesi wa Mikindani

Haya.

#10 Mlonge na Asali

Wakuu mnahangaika na vidonge vya wazungu. Kitunguu saumu punje saba alfajiri, mlonge, habat soda, na kuumika mgongoni kutoa damu chafu. Mishipa inafunguka mwezi mmoja. Mwenye shida anitafute pembeni.

#11 Tabibu wa Zamu

@Mlonge na Asali kitunguu saumu kwenye mboga hakuna anayekukataza. Ila mgonjwa huyu anameza dawa za kuzuia damu kuganda. Ukimpa saumu nyingi kama dawa, halafu ukamchanja chanja mgongoni, unaongeza uwezekano wa kuvuja damu. Na biashara ya pembeni peleka pembeni.

#12 MamaTwaha wa Lindi

Samahanini kuingilia. Mwanangu ana miaka saba, ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Mwezi uliopita alidondosha kalamu darasani mara mbili, mwalimu akasema mkono wa kushoto ulikuwa umelegea, baadaye ukarudi. Nilidhani ni maumivu yake ya kawaida. Nimesoma habari ya kikombe cha uji usingizi umeniisha.

#13 Tabibu wa Zamu

Dada, acha kusoma uzi. Kesho asubuhi mpeleke hospitali ya rufaa ya mkoa, na ikimrudia usiku huu usisubiri asubuhi. Waambie neno kwa neno: ana selimundu na mkono ulilegea ukarudi. Usianze na maumivu ya mifupa, watakupanga foleni nyingine.

Kwa wengine wanaosoma: hii ni sababu kubwa ya mishipa ya ubongo kubana kwa watoto, na Tanzania ni kati ya nchi zenye watoto wengi zaidi wa selimundu duniani. Chembe za damu zilizojikunja zinakwaruza ukuta wa mshipa mpaka unanenepa kwa ndani. Bila kinga, kama watoto 11 katika 100 wenye aina kali hupata kiharusi kabla ya miaka 20. Kuna kipimo cha mawimbi ya sauti kinachowekwa kwenye kipaji pembeni, hakiumi, kinapima kasi ya damu. Mshipa ukibana damu inakimbia kasi, kama maji ya mpira ulioubana kwa kidole. Ikifika sentimita 200 kwa sekunde, mtoto yupo hatarini na anaanzishiwa kuongezewa damu kwa ratiba. Kwamba hilo linazuia kiharusi ilithibitishwa 1998. Pale ambapo damu ya kila mwezi haipatikani kirahisi, dawa iitwayo haidroksiurea inasaidia sana. Mshipa ukiendelea kuziba, ubongo unaotesha vijimshipa vingi vyembamba vya kujiokoa, kwenye picha vinaonekana kama moshi. Wajapani waliuita hivyo, moyamoya, pumzi ya moshi.

#14 MamaTwaha wa Lindi

Ahsante baba. Alfajiri tunaondoka.

#15 Kinyozi wa Chuno

Naomba kuuliza, ni kweli kile kitendo cha kuvunja shingo baada ya kunyoa kina madhara? Wateja wanadai wenyewe, usipowapa hawarudi.

#16 Tabibu wa Zamu

Acha. Shingo ikizungushwa kwa nguvu, utando wa ndani wa mshipa wa shingoni unaweza kuchanika, damu ikaingia kwenye ukuta na kubana njia. Haitokei kila siku, lakini ikitokea ni kwa kijana mzima kabisa. Na tukiwa hapohapo kwenye vijana: kijana akipata kiharusi tunatafuta pia TB ya utando wa ubongo, VVU, kaswende, hata mkanda wa jeshi uliotokea usoni karibu na jicho, kirusi chake kinaweza kufuata mishipa. Hizo zina tiba zake, kwa hiyo usimpe kila mtu jibu la presha.

#17 Kinyozi wa Chuno

Poa. Nitawapaka tu mafuta na taulo la moto.

#18 Ustadhi wa Mingoyo

Mleta uzi, mjomba anafunga? Huku kwetu mtu mzima kumwambia asifunge ni ugomvi.

#19 Mpwa wa Tandahimba

Ustadhi, umegusa penyewe. Yeye mwenyewe ameshaanza kuuliza. Daktari alisema tumwone kabla ya mwezi kuandama, siyo baada. Mtu mwenye mshipa uliobana akikauka maji, presha inashuka, na ile damu kidogo iliyokuwa inapita inapungua zaidi. Vidonge vingine vinaweza kuhamishiwa futari na daku, ila uamuzi ni wa daktari na hali yake ya siku hiyo.

Nimemkumbusha kwamba ruhusa ya mgonjwa kula na kulipa siku nyingine imo ndani ya Kurani, haikuletwa na hospitali. Kanijibu: "Wewe nilikusomesha skuli, siyo madrasa." Ustadhi ukiwa na nafasi nitakupa namba yake pembeni.

#20 Ustadhi wa Mingoyo

Nitumie. Nitamwambia mimi.

#21 Baharia wa Shangani

Mleta uzi hujatuambia anameza nini na anaendeleaje.

#22 Mpwa wa Tandahimba

Nataja ili mjue, siyo mkanunue dukani. Alianza aspirini na klopidogreli, zote za kuzuia damu kuganda, pamoja kwa siku 90, kisha klopidogreli inasimama, aspirini inabaki maisha. Daktari alisisitiza hizo hazianzwi mpaka CT skani ionyeshe hakuna damu iliyovuja, kwa sababu kiharusi cha kuvuja na cha kuziba kwa nje vinafanana. Kuna jirani yetu mkewe huwa anatembea na aspirini kwenye pindo la kanga, anasema ya dharura. Aiache humohumo.

Nyingine atovastatini kila usiku, lehemu mbaya ishuke chini ya miligramu 70 kwa desilita. Na za presha mbili, lengo ile namba ya juu ikae chini ya 140, polepole. Hilo la polepole tulilijua kwa kuumia. Wiki ya tatu alisahau dozi ya jana, asubuhi akameza za siku mbili ili "kufidia". Saa nne akaanguka chooni, presha 92 kwa 58, mkono ukaanza kulegea tena. Tukamlaza, miguu juu, tukamkimbiza. Alirudi sawa. Dozi iliyopita imepita, haifidiwi kama deni la dukani.

Kutembea anatembea, nusu saa asubuhi, mpaka kwa fundi baiskeli na kurudi. Mkono tunaufanyisha kazi ya kubangua: korosho kumi za kukaangwa, kwa vidole vya kulia tu. Mwanzo ilimchukua saa nzima na matusi.

#23 Fundi Bomba Halisi

Nimesoma yote. Nafuta maneno yangu ya sura ya maskini. Swali: kile cha mwezi wa tano, dakika ishirini, mngewahi ingesaidia nini kama kilipita chenyewe?

#24 Tabibu wa Zamu

Ingesaidia kuliko yote tuliyoandika humu. Kiharusi cha kupita ni mshipa kuziba na kuzibuka. Hatari ya kile kikubwa ni kali zaidi siku mbili za mwanzo, na wiki zinazofuata bado ipo. Ukimkamata hapo, dawa hizihizi za bei ndogo zinafanya kazi kubwa. Na kikija kikubwa, sindano ya kuyeyusha damu iliyoganda ina saa nne na nusu tangu dalili kuanza, pale ilipo. Mtu akiamka nacho, hesabu inaanza alipoonekana mzima mara ya mwisho. Wa kusini tukishapoteza asubuhi kutafuta gari, saa zimekwisha. Uso umekwenda upande, mkono haunyanyuki, kauli imevurugika: chochote kati ya hivyo, hata kikirudi, twende siku hiyohiyo.

#25 MamaTwaha wa Lindi

Nimerudi. Walimpokea vizuri, wamempa barua ya Muhimbili kwa kipimo hicho cha kipajini. Tunasafiri Jumatatu. Haidroksiurea ameanza. Mwalimu wake nimemwonyesha uzi huu.

#26 Mpwa wa Tandahimba

Mwezi wa kumi na moja huu, nilete mrejesho. Mikorosho haikuuzwa, mzigo wa kwanza umekwenda ghalani. Yule mtu wa kangomba sasa akiniona anavuka barabara.

Mjomba ana daftari moja. Mbele ameandika kilo na tarehe za minada, ukiligeuza nyuma kuna presha, asubuhi na jioni. Mashine tumenunua kwa kuchanga. Mpaka mwezi wa tisa mwandiko ni wa binti yake. Kuanzia mwezi wa kumi ni wake, mkono wa kulia, tarakimu 8 zimelala kama mayai. Jana: 132 kwa 80.

Pembeni kuna safu ya vidonge, anaweka alama akimeza. Siku ya mnada wa pili pako patupu. Nimemuuliza, anasema alimeza, alisahau kuandika, watu walikuwa wengi. Nimechukua pakiti nikahesabu.

Hakumeza.